Alicheza au anachezaka? Kitenzi katika ripoti za wanagenzi wa hoki

Kila mwezi wa Septemba, kabla ya kambi za timu za NHL kufunguliwa, vijana wa timu hizo hukusanywa kwa mashindano mafupi. Detroit Red Wings wamewahi kuwapokea wenzao Traverse City, mji mdogo wa jimbo la Michigan. Buffalo Sabres huyaandaa ya kwao Buffalo, na huko magharibi ya Kanada Vancouver Canucks wamewakaribisha majirani Penticton. Hoki ninayoisema ni ile ya barafuni, si ile ya nyasi.

Ndani ya kikosi kimoja utakuta kijana wa miaka 18 aliyechaguliwa na timu yake mwezi wa Juni, wa miaka 20 aliyechaguliwa zamani kidogo, na wa miaka 22 au 23 ambaye tayari analipwa katika AHL, ligi iliyo chini kidogo ya NHL. Pembeni yao wako walioalikwa kujaribiwa tu, ambao hakuna timu iliyowahi kutaja jina lao siku ya uteuzi. Wanacheza mechi tatu, mara nyingine nne, katika siku chache, na wenzao wa mstari mmoja ambao pengine wamefahamiana juzi. Halafu watu wenye kalamu wanakaa chini na kuandika juu ya kila mmoja aya moja.

Ni aya hiyo inayonishughulisha. Kuna sababu mbili za kuileta katika jarida la fakulte ya lugha, wala si katika gazeti la michezo. Kwanza, ni aina ya maandishi yenye sarufi yake, na sarufi hiyo inabeba hukumu kabla ya maneno kubeba. Pili, familia nyingi zilizotoka Bukavu, Goma, Lubumbashi na Kinshasa leo ziko Montréal, Ottawa na Winnipeg, na watoto wao wanavaa viatu vya kutelezea kama watoto wa majirani. Karatasi ikiandikwa juu ya mtoto kama huyo, inaandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Bibi aliyebaki Kadutu anapiga simu na kuuliza: wamesema nini juu ya mjukuu wangu? Lazima mtu amjibu kwa Kiswahili, na neno moja likikosewa, nyumba nzima italala na furaha isiyo yake au huzuni isiyo yake.

Katika semina yetu ya tafsiri tulizifanyia kazi aya za namna hiyo. Sentensi ninazozitoa hapa nimezitunga mwenyewe kwa kufuata mtindo wao, ili nisimseme kijana yeyote aliye hai.

Msamiati haukutusumbua sana. Kile kipande cheusi cha mpira kinachopigwa tulikiita kisahani. Kipindi kifupi cha mchezaji kukaa barafuni kabla ya kupumzishwa, ambacho ni sekunde 45 hivi, ni zamu, na sidhani kama kuna lugha yenye neno zuri kuliko hilo. Mchezaji anayeanza kazi ni mwanagenzi, kwa sababu anajifunza ufundi chini ya mafundi. Anayetumwa na timu kutazama vijana si mpelelezi wala skauti. Ni mtafuta vipaji. Tulibishana zaidi juu ya neno la Kifaransa linalomwita kijana huyo tumaini. Wanafunzi wawili walitaka tulibakize: tumaini la timu fulani. Mimi nilisimama upande wa chipukizi. Tumaini liko moyoni mwa anayetazama, lakini chipukizi ni kitu kilichoota chenyewe, nawe ukikipita bila kukiona, kipo.

Shida ilianza kwenye vitenzi. Chukueni sentensi hii: mlinzi fulani anapoteza kisahani akibanwa. Kiingereza na Kifaransa hutumia wakati uliopo wa kawaida hapo, na wakati huo una milango miwili: anapoteza sasa hivi mbele ya macho yangu, au ndiyo tabia yake. Kiswahili hakiruhusu uvivu huo. Kiswahili sanifu kitakulazimisha uchague kati ya alipoteza, anapoteza na hupoteza. Kiswahili chetu cha Lubumbashi kinakazia zaidi kwa kiambishi chake cha mwisho: anapotezaka. Mama wa Kamalondo akikuambia kwamba fulani anakunywaka, hakuelezi jambo la jana usiku. Amekueleza mtu.

Hapo ndipo tafsiri inageuka kuwa uchunguzi. Mtafuta vipaji aliona nini? Aliona kijana akipoteza kisahani Ijumaa mara mbili na Jumamosi mara moja. Hiyo ni alipoteza. Ameandika nini? Ameandika anapotezaka. Kati ya vitenzi hivyo viwili kuna mto, na wanagenzi wengi wanavushwa mto huo kwa mechi tatu bila mtu kuuliza mtumbwi umetoka wapi.

Tufanye hesabu kidogo, ingawa najua wengi wetu tuliingia fakulte hii tukiikimbia. Katika hoki ya kiwango cha juu, takriban mkwaju mmoja katika kumi inayolenga goli ndio huingia. Tuseme mshambuliaji wetu ni wa wastani kabisa, wa moja katika kumi, na katika mechi tatu amepiga mikwaju tisa. Uwezekano wa kumaliza bila bao hata moja ni sifuri nukta tisa ikijizidisha mara tisa, yaani karibu asilimia 39. Kwa hiyo katika vijana kumi wa uwezo uleule, karibu wanne watarudi nyumbani bila bao, na juu yao itaandikwa kwamba hawamalizii. Upande wa pili, kijana mmoja katika ishirini hivi atafunga mabao matatu au zaidi kwa bahati hiyohiyo, na huyo ndiye atakayeandikwa kwa herufi kubwa. Uwezo ni ule ule. Kilichowatenga ni sarafu iliyorushwa hewani.

Kwa makipa ni hatari zaidi. Kipa mwanagenzi anaweza kupewa mechi moja na nusu, tuseme mikwaju 50. Kipa wa kuokoa asilimia 92 atafungwa mabao manne katika hiyo. Wa asilimia 90 atafungwa matano. Asilimia hizo mbili katika msimu mzima ndizo zinazomtenga kipa wa kutegemewa na yule anayetafutiwa mrithi. Katika mashindano haya ni bao moja tu, ambalo pengine liligonga kiatu cha mlinzi wake mwenyewe.

Mwanafunzi mmoja alisikia hayo akasema: basi watafuta vipaji wanapoteza nauli, waache kusafiri. Hapana. Huko ni kuruka mto ule ule upande wa pili. Swali la lugha si kama kiambishi cha mazoea kinaruhusiwa. Swali ni kiambishi hicho kimekaa juu ya kitenzi gani. Mchezaji hukaa barafuni dakika 15 hadi 20 kwa mechi, katika zamu zinazokaribia 20. Mechi tatu ni zamu 60. Bao hulioni zamu zote 60. Unaliona mara moja au usilione kabisa. Kisahani chenyewe hakai nacho kwa muda mrefu, kwa kawaida dakika moja hivi katika mechi nzima. Lakini kuna vitu anavyovifanya karibu kila zamu. Kabla ya kupokea kisahani, je, anageuza kichwa kuangalia nyuma ya bega lake? Wenzake wakipokonywa, anarudi kwa kasi ile ile aliyoendea mbele, au anateleza kama mtu anayetoka sokoni? Mlinzi anaacha nafasi gani kati yake na mshambuliaji anayemjia? Pasi yake ya kwanza ya kutoka kwenye eneo lake inafika kwenye gongo la mwenzake au kwenye miguu?

Mambo hayo yanaonekana mara 40, mara 60. Juu yake mwandishi ana haki ya kusema anaangaliaka nyuma, anarudiaka polepole. Juu ya bao aseme alifunga, aache hapo. Ninaposoma ripoti sasa, naanza kwa kupiga mstari chini ya kila kitenzi cha mazoea na kuuliza kama kitendo hicho kingeweza kuonekana mara nyingi kiasi hicho katika siku nne. Jaribuni na aya yoyote. Ripoti nzuri zinabaki zimesimama. Nyingine zinabaki na jina la kijana, urefu na uzito wake.

Kuna mazoea ya pili, mabaya kuliko ya kwanza, nayo ni kuruka kitenzi kabisa na kukimbilia ni. Ni mzembe. Ni mwoga wa kona. Ni mchezaji wa ligi ya chini. Katika sentensi ya aina hiyo hakuna siku, hakuna mechi, hakuna aliyeona. Nawashauri wanaotafsiri wasiongeze ni pale ambapo lugha ya kwanza iliweka tendo. Kama karatasi inasema kijana alichelewa kurudi mara tano katika kipindi cha pili, mwambieni bibi hivyo hivyo, na kipindi cha pili kikiwemo. Atauliza mwenyewe: na cha kwanza, na cha tatu?

Sasa tufike kwenye kiambishi kilichotugharimu vipindi viwili vya semina. Ripoti hizi zimejaa lugha ya mambo yajayo yenye shaka. Kifaransa kina hali ya masharti ambayo waandishi wa michezo wanaipenda sana, na wanafunzi wetu, waliosoma shule kwa Kifaransa, wanaihamishia moja kwa moja kwenye -nge-. Hivyo kijana anayetegemewa kucheza katika ligi kuu anakuwa, katika daftari za wanafunzi wanane kati ya kumi na mmoja, kijana ambaye angeweza kucheza katika ligi kuu.

Lisemeni kwa sauti, mlisikilize kama mzazi. Mwanao angeweza kucheza. Mzazi yeyote wa Kiswahili anangoja lakini. Angeweza kucheza kama mguu haungevunjika, kama angekuwa mrefu, kama tungekuwa na pesa. Kiambishi -nge- kinafungua mlango ili uone kwamba umefungwa. Karatasi ya Kifaransa ilikuwa imeandika matumaini yenye tahadhari; tafsiri ilikuwa tanzia. Kinachofaa hapo ni huenda akacheza, au anaweza siku moja kucheza. Pale mwandishi alipotaja sharti lake, Kiswahili kina -ki- na -sipo-, vifupi na vya haki: akiongeza kasi ya hatua zake tatu za kwanza, atafika, asipoongeza, atabaki AHL.

Jozi hiyo ya -ki- na -sipo- ilitutatulia pia tatizo ambalo wengi hulitatua vibaya. Waandishi wa Kiingereza humpima kijana kwa mfano wa chumba: dari yake ni mahali pa juu kabisa anapoweza kufika, na sakafu yake ni mahali ambapo hatashuka zaidi. Nimeona mtu akiandika kwa Kiswahili kwamba mchezaji ana dari ya juu. Msomaji atafikiri habari ni ya nyumba. Sisi tuna kuiva. Akiiva kabisa, ni mshambuliaji wa mstari wa kwanza au wa pili; asipoiva, ni mtu wa mstari wa nne, wa zamu chache. Mfano wa chumba unasema kipimo kimeshajengwa juu ya kichwa cha kijana wa miaka 18. Mfano wa kuiva unaacha nafasi ya jua na mvua, yaani kocha, afya, na miaka.

Miaka hasa. Walinzi huchelewa kuiva kuliko washambuliaji, na makipa huchelewa kuliko wote. Hata ndani ya mwaka mmoja wa kuzaliwa kuna tofauti: tangu miaka ya 1980 watafiti wa Kanada, akiwamo Roger Barnsley, wameonyesha kwamba watoto waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka wamejaa katika vikosi bora kuliko hesabu ya kawaida, kwa kuwa wa Januari anashindanishwa na wa Desemba akiwa amemtangulia karibu mwaka mzima wa mifupa. Mtazamaji huona ukubwa, huandika kipaji.

Mfano ninaoupenda, na ambao sisi tunaowapa mapacha majina yao maalum tutauelewa haraka, ni wa ndugu wawili wa Sweden. Joel na Henrik Lundqvist walizaliwa siku moja mwezi wa Machi 1982. Hapa hatuwezi kulaumu mwezi wala nyumba. Katika uteuzi wa mwaka 2000, Joel, mshambuliaji, alichukuliwa na Dallas Stars akiwa wa 68. Henrik, kipa, alingoja hadi mzunguko wa saba, New York Rangers wakamchukua akiwa wa 205. Joel alicheza mechi 134 za NHL, kazi ya heshima. Henrik alicheza 887, zote na Rangers, akapata mwaka 2012 tuzo ya Vezina inayopewa kipa bora, na mwaka 2023 akaingizwa katika jumba la heshima la hoki. Sidhani kwamba waliowaona mwaka 2000 walikuwa vipofu. Nadhani walimwona kipa wa miaka 18 na wakahitaji kuandika kitu kabla hajawa kipa. Ukweli wa wakati ule ulikuwa sentensi fupi isiyopendeza mtu anayelipwa kuwa na maoni: bado hatujui, turudi tumwone.

Limebaki jambo moja ambalo wanafunzi walilitaja wenyewe kabla yangu. Utafiti mwingi juu ya utangazaji wa michezo umeonyesha kwamba wachezaji weusi husifiwa zaidi kwa mwili, nguvu na kasi, na weupe kwa akili na bidii. Hoki ina weusi wachache, hivyo kila aya inayoandikwa juu yao inasomwa kwa macho makali zaidi, na ni haki. Bokondji Imama alizaliwa Montréal mwaka 1996, wazazi wake wakiwa Wakongo. Anayejua Lingala atasikia katika jina lake ukoo na mokonzi. Tampa Bay Lightning walimchagua mwaka 2015 katika mzunguko wa sita. Katika msimu wa 2016-17, akiwa na Saint John Sea Dogs katika ligi ya vijana ya Québec, alifunga mabao 41. Alipoingia kwa watu wazima, kazi aliyojulikana kwayo ilikuwa ya kupigana na kulinda wenzake. Aprili 2022 alicheza mechi yake ya kwanza ya NHL na Arizona Coyotes. Miezi michache kabla, katika AHL, mpinzani mmoja alimwigizia nyani barafuni, na ligi ikamfungia mtu huyo mechi 30.

Sisemi kwamba mabao 41 ya ligi ya vijana yalimdai nafasi ya mfungaji katika NHL. Wengi waliofunga hivyo hawakufika popote, na kulinda wenzako kwa ngumi ni kazi ambayo wachezaji wenyewe wanaiheshimu. Ninachowaomba wanasemina ni kutazama mgawanyo wa maneno. Katika aya iliyo mbele yenu, ni vitenzi vingapi vya kuona, kusoma, kuamua, kungoja? Ni vingapi vya kusukuma, kugonga, kukimbia? Sasa chukueni aya ya mwenzake wa mstari mmoja, mhesabu tena. Kama kijana mmoja anaangaliaka na mwenzake anagongaka tu, na mechi zilikuwa zile zile tatu, rudini kwenye zamu zile 60 na muulize nani aligeuza kichwa. Katika hoki hakuna anayedumu barafuni kwa nguvu peke yake. Kisahani kina mwendo kuliko mguu wa yeyote.

Na msimcheke anayeandika huko. Jumapili moja mtoto akifunga mawili kwenye uwanja wa vumbi wa Katuba, jioni mtaa mzima unamwita Mputu. Ukiuliza alifanya nini mechi zilizopita, hakuna anayejua, hawakuwepo. Zoezi la kipindi kijacho ni hilo hilo: kila mwanafunzi aende aketi pembeni ya uwanja wowote wa mtaa kwa mechi tatu, amchague kijana mmoja asiyemfahamu, aandike juu yake aya ya sentensi nane. Vitenzi vya -aka visizidi viwili, na pembeni ya kila kimoja aandike alikiona kitendo mara ngapi.